Magunia matatu ya Julai: kisa cha bei ya korosho, simu na deni wilayani Tandahimba

Siku moja ya mnada, Oktoba 2024, nilikuwa kwenye stationari Mtwara mjini nikisubiri karatasi zangu zichapwe. Simu ikalia. Kwenye kundi la WhatsApp la chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwetu, wilayani Tandahimba, katibu alikuwa amerusha picha ya matokeo: ghala, kilo zilizouzwa, bei ya juu, bei ya chini. Ilikuwa bei ambayo kijiji hakikuwa kimeiona kwa miaka kadhaa. Watu walishaanza kumjibu katibu kwa alhamdulillahi na picha za mikono inayopongezana.

Nikampigia shangazi nimpe habari njema. Alikuwa nayo tayari. Yeye anatumia kitochi kilichofungwa raba ili betri isidondoke, lakini mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne ana simu janja, na ndiye aliyemsomea.

“Nimesomewa, baba,” akasema. “Bei nimeisikia. Lakini yale magunia matatu yana mwenyewe.”

Hayo magunia matatu ndiyo kisa ninachotaka kukichambua. Nimesikia mara nyingi, redioni na mikutanoni, kwamba intaneti ikifika kijijini maendeleo yamefika. Kijijini kwa shangazi intaneti imefika. Mnara upo, bando linauzwa dukani, bei ya mnada inamfikia mkulima kabla wanunuzi hawajaondoka kwenye kompyuta zao. Na bado mama mwenye shamba lake alikaa chini ya mkorosho wake siku ya bei nzuri akihesabu alichopoteza.

Kwa wasio wa kusini, nieleze kidogo mauzo yanavyokwenda. Korosho hapa haziuzwi popote mtu apendapo. Tangu msimu wa 2007/2008, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani mkoani Mtwara, mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, kisha zinauzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, kinachounganisha vyama vya msingi. Kwa Tandahimba na Newala chama kikuu ni TANECU. Zamani wanunuzi walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya watu, zikasomwa moja moja. Msimu wa 2024/2025 korosho zikaanza kuuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweka bei yake kwenye mfumo akiwa popote, na wakulima mkutanoni wanaangalia skrini, kisha wanaamua kuuza au kukataa.

Mimi naunga mkono skrini ile kwa moyo wote, na sababu yangu inaanzia mbali kuliko bei. Watu wa huku wanakumbuka Liwale, Aprili 2013. Wakulima walitarajia malipo ya pili ya korosho zao, walipofika wakaambiwa kiasi kidogo kuliko walichoahidiwa, na hasira ile ikaishia kwenye moto, nyumba za watu zikachomwa. Mkulima aliyekaa miezi na karatasi mkononi bila kujua mzigo wake umeuzwa kwa nani na kwa shilingi ngapi, kila kiongozi wa ushirika kwake alikuwa mtuhumiwa, hata yule mwadilifu. Siku hizi shangazi anajua bei ya ghala lake jioni ileile. Anajua pia kwamba ghala jirani limeuza kwa tofauti ya shilingi kadhaa, na kwenye mkutano mkuu anasimama kuuliza kwa nini. Hilo simu imelifanya, na sitaki mtu alidharau.

Je, skrini ndiyo iliyopandisha bei ya mwaka ule? Sithubutu kusema hivyo. Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mahitaji ya viwanda vya huko yana nguvu kuliko mfumo wowote tutakaoufunga Tandahimba. Bei huweza kuporomoka mbele ya macho ya kila mtu, kwenye skrini hiyohiyo. Mwaka 2018 wanunuzi walipotaka kununua kwa bei ya chini, serikali iliingia yenyewe ikasema itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakatumwa kubeba mzigo. Kujua bei na kuwa na nguvu juu ya bei vina umbali mkubwa kati yake.

Basi turudi Julai 2024.

Shangazi ni mjane, ana ekari nne za mikorosho alizoachiwa na marehemu. Julai mikorosho inatoa maua, na huo ndio wakati wa kupulizia, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha maua na mwaka umekwisha. Salfa, dawa ya kupulizia, alipata, ya ruzuku, kupitia daftari la wakulima la kidijitali. Lakini salfa haijipulizii. Inataka mashine ya kukodi, petroli, na vijana wawili wa kuzunguka nayo alfajiri. Palizi nalo lilikuwa halijalipwa. Uwanda wa Makonde una shida ya maji toka enzi, kwa hiyo kuna ndoo za kununua kila siku, na Julai kwenye nyumba nyingi hela ya msimu uliopita imeshakauka kabisa. Watu wanakula ming'oko na muhogo wakisubiri Oktoba. Alihitaji shilingi 200,000.

Alianza na simu. Mjukuu alimwambia kuna mikopo ya simu, unabonyeza tu, hela inaingia. Wakabonyeza. Mfumo ukajibu kwamba anaruhusiwa kukopa shilingi 7,000.

Nilikaa na jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wanaotuhubiria uchumi wa kidijitali hawaligusi. Mkopo wa simu unampima mtu kwa mzunguko wa laini yake: anaweka mara ngapi, anatuma kiasi gani, analipa kwa wakati au hapana. Laini ya shangazi inapokea vocha za mia tano tano na hela ninazomtumia mimi mwisho wa mwezi. Kwa macho ya mfumo ule, yeye ni mtu asiye na kitu. Ekari zake nne hazionekani. Kilo alizouza chamani msimu uliopita, na ule wa nyuma yake, hazionekani, ingawa zote zimeandikwa kwenye kompyuta ya chama. Kumbukumbu mbili za mtu mmoja, zote za kidijitali, zote ndani ya wilaya moja, hazijawahi kukutana.

Benki ilimtaka dhamana na safari mbili tatu za bodaboda hadi mjini. Akaachana nayo.

Yule wa tatu hakumtaka kitu. Alikuja mwenyewe nyumbani, akasalimia vizuri, akaulizia hali ya mikorosho, akahesabu noti 200,000 juu ya mkeka. Makubaliano: magunia matatu korosho zikidondoka. Huku tunaita kangomba, kuuza nje ya chama, kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya kutupa, mara nyingi korosho zikiwa bado maua. Imepigwa marufuku, na kila msimu viongozi wanaonya na watu wanakamatwa. Julai kangomba inafika mlangoni kabla ya msaada mwingine wowote.

Tupige hesabu. Magunia matatu ya kilo 80 ni kilo 240. Kwa 200,000, kilo moja imekwenda kwa shilingi 833. Tuchukue kwamba baada ya makato yote ya chama, ushuru na usafiri, kilo ingemwachia shangazi shilingi 2,000 tu. Naweka hesabu ya chini makusudi. Magunia yale yangekuwa shilingi 480,000. Amekopa 200,000, amelipa 480,000, kwa miezi mitatu. Ni riba ya asilimia 140, ambayo hakuna mkopeshaji mwenye leseni angethubutu kuiandika kwenye karatasi. Na bei nzuri ilivyozidi kupanda mnadani, ndivyo deni la shangazi lilivyozidi kuwa ghali, maana alikopa kwa magunia. Ujumbe uleule uliowafurahisha jirani zake ulikuwa unamtangazia hasara yake.

Kuna utafiti mmoja hunukuliwa sana kuonyesha faida ya simu kwa wazalishaji wadogo. Mchumi Robert Jensen aliuchapisha mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Kati ya 1997 na 2001 simu za mkononi zilifika pwani ile hatua kwa hatua. Kabla yake, ufuo mmoja ulikuwa unamwaga samaki kwa kukosa mnunuzi, na kilomita chache mbele wanunuzi wanarudi na ndoo tupu. Simu zilipofika, mvuvi akawa anapiga akiwa baharini, anauliza bei, anageuza chombo kwenda penye mnunuzi. Samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka kwa takriban asilimia 4. Ni matokeo mazuri, na mvuvi wa Msanga Mkuu au Kilwa atayaelewa bila kufasiriwa.

Ila tazama kilichomsaidia yule mvuvi. Alikuwa na samaki mkononi, wakiwa bado wake, na alikuwa na usukani. Habari ya bei ilimkuta akiwa na uwezo wa kugeuka. Shangazi hana ufuo wa pili, korosho zina njia moja halali. Kitu pekee anachoweza kuchagua ni wakati: asubiri mnada au auze mapema. Na huo uwezo wa kusubiri ndio alioupoteza Julai, juu ya mkeka, miezi mitatu kabla skrini haijawashwa. Mtu akiniuliza intaneti imemsaidiaje mkulima wa korosho, nami namuuliza: mkulima yupi, anayeweza kusubiri au asiyeweza? Aliyekuwa na akiba ya kuvuka Julai aliuza kila kilo kwa bei ya skrini. Simu ilimpa haki yake, na majirani hao wawili wakatengana zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana takwimu za nchi nzima nazisoma kwa tahadhari. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilitoa hesabu inayotajwa hadi leo: watumiaji wa intaneti ya kasi wakiongezeka kwa pointi 10 za asilimia, ukuaji wa uchumi katika nchi zinazoendelea unaongezeka kwa takriban pointi 1.38. Mwaka 2019 wachumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen walionyesha, kwa nchi 12 za Afrika na Tanzania ikiwemo, kwamba mikongo ya chini ya bahari, zile nyaya zinazoleta intaneti, ilipofika ajira ziliongezeka katika maeneo yaliyounganishwa, hata kwa watu wasio na elimu kubwa. Naamini. Nimeona vijana wa Mtwara mjini wanaoishi kwa stationari zenye intaneti, kujaza maombi ya vyuo na ajira, kutengeneza simu, kuuza nguo kwa picha. Lakini wastani wa nchi hauna mahali pa kuandika mkeka wa shangazi.

Mkasa wa pili ulikuja na malipo ya yale magunia mengine, yaliyopita chamani kihalali. Siku hizi mkulima halipwi noti mkononi, hela inaingia kwenye akaunti, na kwa mjane anayeishi na mjukuu tu huo ni usalama mkubwa. Majirani wakaanza kupokea ujumbe. Yeye kimya. Siku ya tatu kimya. Wiki ikapita. Alikwenda ofisi ya chama, akaambiwa hela imetoka. Alikwenda benki, akaambiwa haijaingia.

Mjukuu ndiye aliyelifumbua. Aliomba kuona orodha, karani akampa simu asome picha ya karatasi ya malipo. Namba ya akaunti ilikuwa na 4 na 7 zilizopishana nafasi, na jina lilikuwa la marehemu mume wake likifuatiwa na ubini, kama daftari la wakulima lilivyolichukua miaka ya nyuma. Benki ilikuwa imeirudisha hela. Marekebisho yalichukua siku 19. Katika siku hizo alikopa tena, safari hii kwa jirani, kiasi kidogo, kwa sababu dukani alikuwa anadaiwa na aliyeona bei kwenye simu alijua kabisa kwamba “mna hela nyie.”

Karani simlaumu sana. Alikuwa kijana mmoja akinakili mamia ya namba kutoka daftari la mkono kwenda kwenye kompyuta, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna mahali katika safari yote ile ambapo shangazi mwenyewe alionyeshwa namba zake akaulizwa, “Ni hizi?” Mfumo ulimjua kwa jina la mtu aliyekufa, naye hakuwa na njia ya kujua kwamba unamjua hivyo.

Kuna udhaifu mwingine ambao haukumgusa mwaka ule, ila ungeweza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupiga, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Siku chache tu baadaye, tarehe 12 Mei, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, na intaneti ikadorora karibu nchi nzima kwa siku kadhaa. Barabara ya lami na barabara ya data, zote mbili zikatuponyoka ndani ya nusu mwezi. Ilikuwa Mei, korosho hazipo ghalani. Ingekuwa katikati ya Oktoba, wanunuzi wangeingiaje mnadani? Naamini kila chama kikuu kinahitaji utaratibu ulioandikwa wa siku ya namna hiyo, wakulima wauelewe kabla, hata ikiwa ni kurudi kwa lile sanduku la barua kwa wiki moja.

Msimu uliofuata ulibadilika kwa jambo dogo, na sikulibuni mimi. Shangazi yumo kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanaokutana kila Jumapili na sanduku lao lenye kufuli tatu. Miaka yote kikundi kilikuwa kinampa mikopo midogo kulingana na hisa zake chache. Mwaka 2025 mweka hazina wao aliuliza kikaoni: huyu mama anasema anavuna magunia, nani ameyaona? Mjukuu akamwomba karani amtumie kumbukumbu za bibi yake za misimu mitatu. Karani akatuma faili kwa WhatsApp. Likachapwa mjini kwa shilingi mia mbili, ukurasa mmoja: tarehe, kilo, daraja, ghala. Safari hii kwa jina lake mwenyewe.

Ukurasa ule ulipita mkono kwa mkono kikaoni. Wasiojua kusoma walisomewa. Wakapatana kumkopesha 200,000 arudishe 220,000 baada ya malipo ya kwanza ya korosho, na wanachama wawili wakamdhamini. Hesabu ni ya kikao chao wenyewe, na ukiilinganisha na zile 280,000 alizopoteza mwaka uliotangulia, riba ni 20,000.

Ningependa wenye mabenki na wenye mikopo ya simu waitazame karatasi hiyo ya mia mbili. Habari waliyoikosa walipompimia 7,000 ipo, imeandikwa tayari, kila chama cha msingi kinayo. Imekosa tu kuwa ya mkulima mwenyewe, aibebe na kumwonyesha amtakaye. Nasema amtakaye kwa kumaanisha: kumbukumbu hizo zikitiririka kwa wakopeshaji bila ridhaa yake, tutaamka siku moja tukute hela ya korosho inakatwa madeni kabla haijamfikia mwenye shamba, na kangomba itakuwa imehamia kwenye kompyuta. Mama yule alichagua kikao kipi kimsomee ukurasa wake. Haki hiyo ilindwe.

Yule bwana wa mkeka alikuja tena Julai 2025. Alisalimia vizuri kama kawaida, akaulizia mikorosho. Shangazi alimpa maji ya kunywa, akamwambia, “Mwaka huu nimeshapuliza, mwanangu.” Akaondoka kwenda nyumba ya pili, na huko, naambiwa, alikaa muda mrefu.

Msimu ulipofunguliwa, magunia yote ya shangazi yalikwenda kwenye mizani ya chama. Karani alipomaliza kuandika, shangazi hakuondoka. Alitoa kwenye mfuko wa nailoni kadi ya benki na kitambulisho, akaviweka mezani, akamwambia amsomee namba ya akaunti moja moja, polepole, huku mjukuu akifuatisha kwa kidole kwenye kadi. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Hakuna aliyeguna. Mama aliyefuata naye alishaanza kuitafuta kadi yake kwenye pindo la khanga.